Idjwi, Tchegera au Unguja: kundi la wanafunzi wa Bukavu lichague kisiwa kipi?

Wanafunzi wa Bukavu wakikaa kupanga safari ya masomo ya visiwani, majina matatu hayakosekani. Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, hutajwa na wanaohesabu pesa. Tchegera, kisiwa kidogo cha ziwa hilohilo, hutajwa na walioona picha zake, mahema juu ya mawe meusi na volkano ya Nyiragongo ikipiga wekundu angani usiku. Unguja hutajwa na karibu wote waliobaki, na kijana wa Kivu anayetamani kuiona bahari hana wa kumlaumu. Mjadala ukipamba moto, kinachoamua huwa ni michango. Kundi linakwenda pale lilipoweza kulipa, na swali la kwamba linakwenda kusoma nini linaachwa lijibiwe ndani ya boti.

Mimi ningeanza na swali hilo. Asili ya kisiwa, chakula chake na uhifadhi wake ni mambo yaliyoshikana kuliko huku nchi kavu, kwa sababu kisiwani ardhi ina mwisho. Shamba jipya limekula msitu ambao wazee wanaujua kwa jina. Samaki aliye kwenye sahani ametoka kwenye maji unayoyaona kutoka mlangoni. Kundi linaloweza kukaa na watu wa pale na kuwauliza habari hizo litasoma kitu. Lisiloweza litarudi na picha.

Niseme msimamo wangu mapema, kwa anayeharakisha. Kundi kubwa, la mara ya kwanza, lenye mfuko wa kawaida wa mwanafunzi, liende Idjwi. Kundi dogo lenye mwalimu anayeijua volkano lifikirie Tchegera. Unguja iwe ya wale waliokwisha kufanya kazi Idjwi na sasa wanataka kuona wenzao wa visiwa vingine wamefika wapi. Sababu zangu ni hizi.

Njia na karatasi

Kwenda Idjwi kutoka Bukavu ni safari ya asubuhi moja. Sehemu ya kusini, ile ya mwami (chifu wa jadi) wa Ntambuka, ndiyo iliyo karibu nasi. Kaskazini, kwenye utawala wa Rubenga na Bugarula palipo makao ya wilaya, ni rahisi zaidi kwa wenzetu wanaotoka Goma. Mwanafunzi anahitaji kadi ya mpiga kura au kadi ya chuo, na kundi linahitaji barua ya safari yenye muhuri wa chuo na orodha ya majina yote. Nakala ziwe nyingi: ya bandarini, ya DGM (idara ya uhamiaji), ya ofisi ya wilaya, ya mwami. Mkikosa nakala moja mtapoteza nusu siku mkimtafuta mwenye mashine ya fotokopi.

Tchegera iko upande wa pili wa ziwa, karibu na Goma. Maana yake mnavuka Kivu kwa urefu wake wote, mnalala Goma, kisha mnachukuliwa na boti ya Hifadhi ya Virunga. Huko huendi kwa kujipangia. Kisiwa ni sehemu ya hifadhi na kila kitu kinapita kwao, kuanzia nafasi ya kulala hadi saa ya kuondoka. Hifadhi ikifunga milango kwa watalii, kama ilivyofanya 2018 baada ya utekaji wa wageni na tena 2020 wakati wa korona, hakuna mlango wa nyuma. Kwa hiyo msikusanye hata franka moja ya wanafunzi kabla hifadhi haijawajibu kwa maandishi kwamba inapokea wageni tarehe mnazozitaka.

Unguja ni habari nyingine kabisa. Mnavuka mto Ruzizi, mnapita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, mnashuka Rusumo na kuingia Tanzania, na kutoka Kigali hadi Dar es Salaam basi linakula zaidi ya siku nzima. Baada ya hapo ni meli ya saa 2 hivi hadi Unguja. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halijamwondolea mwanafunzi gharama ya pasipoti, na pasipoti ndiyo inayozua malalamiko ndani ya promosyo: nusu wanaweza, nusu hawawezi, na darasa linagawanyika kabla ya safari. Hili kwangu ni jambo zito. Safari ya masomo inayowaacha nyuma wasio na uwezo imeshindwa kabla haijaondoka.

Kuhusu boti sitanii na sitaki mtu atanie. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama mbele ya bandari ya Kituku pale Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Kiongozi wa kundi ahesabu majile ya kuokolea mwenyewe, kwa mkono, kabla ya mtu yeyote kupanda, na kila mmoja avae lake tangu bandarini; jile lililowekwa chini ya benchi halimwokoi mtu. Safirini asubuhi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huamsha mawimbi mchana, na wakati wa masika radi za alasiri juu ya Kivu si za kuchezea. Boti ya bei nafuu inayosubiri ijae ndipo iondoke si boti ya wanafunzi, hata kama wamezoea kuipanda kwenda kwao. Na kwa kuwa vita vilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025 hata usafiri wa ziwani uliyumba, ulizeni hali ya njia wiki ileile ya kuondoka. Habari ya mwezi uliopita haitoshi.

Mtaona nini

Mtu anayetaka wanyama wengi mbele ya macho asiende Idjwi. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa Kivu, na kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika kinafuata Ukerewe kwa ukubwa, lakini ni kisiwa cha watu. Milima yake imelimwa hadi juu: migomba, mihogo, maharagi, mananasi kwenye miteremko, kahawa chini ya kivuli. Msitu wa asili umebaki kwa vipande, na kipande kinachojulikana zaidi ni Nyamusize, huko kusini. Ndani ya mabaki hayo wapo kima wa aina ambayo duniani inajulikana tu kwenye Idjwi, kisiwa jirani cha Shushu na milima ya Virunga. Mwanafunzi wa biolojia akilisikia hilo atauliza mara moja: walifikaje, na je, wa kisiwani bado ni wale wale wa mlimani? Hilo ni swali la kufanyia utafiti, na liko mwendo wa boti kutoka nyumbani.

Ziwa lenyewe ni somo ambalo Idjwi na Tchegera zote zinalo. Kivu iko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, na kina chake kinakaribia mita 480. Zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa hadi yakapata mlango wa kusini, na mlango huo ndio Ruzizi tunayoivuka kila siku pale Bukavu. Ziwa lililozaliwa kwa misukosuko hiyo lina samaki wachache: aina hazifiki hata 30, wakati Tanganyika, jirani yake, ina mamia. Mamba hakuna, kiboko hakuna. Chini kabisa, kwenye maji mazito yasiyochanganyika na ya juu, kuna gesi iliyoyeyuka, karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za metani. Rwanda imekuwa ikitoa umeme kwenye metani hiyo kwa mtambo ulioanza kazi 2016 ng'ambo ya pili.

Hapa ndipo Tchegera inapopata heshima yake. Kisiwa chenyewe ni ukingo wa kreta ya volkano iliyozimika, umepinda kama mwezi mwandamo, maji yakiwa yameingia katikati. Mwalimu wa jiolojia hahitaji ubao. Mbele yenu ziko Nyiragongo na Nyamulagira. Lava iliyokata Goma katikati Januari 2002 ilifika hadi ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilikomea pembezoni mwa mji. Watu wa upande huo wanaijua mazuku, ile hewa mbaya inayokaa kwenye mabonde na kuua mbuzi, na wakati mwingine watoto, bila moto wala moshi. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikitulia pale pa chini. Kundi la jiolojia likipata siku mbili pale, pamoja na mazungumzo na wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, litakuwa limesoma zaidi ya muhula mzima wa slaidi. Ndege wa majini pia wapo wengi, mdiria na mnandi hasa. Zaidi ya hapo Tchegera ni ndogo: mnaizunguka, mnaipenda, mnaimaliza.

Unguja inawapa kile ambacho Kivu haina, yaani chumvi. Maji kupwa na kujaa, mikoko, matumbawe, mwani. Kwenye hifadhi ya Jozani na ghuba ya Chwaka, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2004, kuna kima punju, mnyama ambaye asili yake haipatikani popote duniani isipokuwa kwenye visiwa vya Zanzibar. Hesabu iliyotolewa 2017 iliwakuta karibu 6,000, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wamezoea watu kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kusimama hatua chache na kuandika wanachokula. Kisiwa kidogo cha Chumbe, mkabala na mji, kina matumbawe yaliyolindwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na juu yake msitu wenye paa nunga na kaa wakubwa wanaopanda minazi. Uzuri huo siubishii hata kidogo.

Chakula, ambacho ndicho kinachofungua midomo ya watu

Makundi mengi hupanga chakula mwishoni, kama mahitaji tu. Ningekipanga kwanza. Mtu aliyekataa kujibu dodoso lenu atawaeleza habari zote za ziwa mkiwa mmekaa naye mnachambua samaki.

Kwenye Idjwi amkeni kabla ya jua mshuke ufukweni. Boti za sambaza, samaki wadogo wanaovuliwa usiku, zinarudi saa hizo: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu umening'inia katikati, taa zilizowaka usiku kucha kuwavuta samaki zimezimwa. Mara nyingi mnawasikia wavuvi kabla ya kuwaona, maana wanapiga kasia kwa wimbo, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Wakifika, ufukwe unakuwa wa akina mama. Ndio wanaonunua, wanaopima kwa bakuli, wanaobishana bei, wanaoamua ni sambaza zipi ziende Bukavu zikiwa mbichi na zipi zianikwe. Msalimieni mama kwanza, kwa utulivu, mwulizeni habari za asubuhi na za watoto, halafu nunueni bakuli moja. Baada ya hapo ulizeni mnalotaka. Sambaza hizo zikioshwa, zikatiwa chumvi, zikakaangwa hadi zinavunjika mdomoni, zikaliwa na bugali wa mihogo, ndimu na pilipili, hakuna mwanafunzi atakayesahau jina la samaki huyo.

Na samaki huyo si wa Kivu. Hapo ndipo chakula kinapogeuka somo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu waliletea ziwa hili vifaranga vya samaki wadogo wawili wa Tanganyika, kwa hesabu kwamba maji ya wazi ya Kivu yalikuwa na chakula kingi kisicho na wa kukila. Mmoja alishindwa, mwingine akashika, na ndiye sambaza. Uvuvi wake ulianza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo familia nyingi za kandokando ya ziwa zinamtegemea. Kisha mwaka 2006 akaonekana samaki mwingine wa Tanganyika ambaye hakualikwa na mtu, Lamprichthys, anayegombania chakula kilekile. Wekeni wote wawili kwenye bakuli mbele ya wanafunzi, mwulize kila mmoja: mgeni huyu ni baraka au ni hatari, na yule je? Nimeona wanafunzi wakibishana juu ya hilo mpaka chakula kikapoa, na huo ndio ubishi ninaoutaka kwenye safari.

Nanasi la Idjwi halihitaji sifa zangu. Kila anayepita sokoni Bukavu analijua. Likila jua la kisiwani na kukatwa papo hapo shambani, mtaelewa kwa nini watu huvuka ziwa na mzigo wake. Makemba, sombe, lengalenga, maharagi mapya, vyote vinapatikana bila kubeba gunia kutoka mjini, na nawasihi msibebe. Pesa ya chakula iachwe kwa mama watatu au wanne wa kijiji, walipwe nusu mapema ili wanunue vitu sokoni, waambiwe idadi ya watu kwa uaminifu. Kasiksi, pombe ya kienyeji, itakuwepo pia. Wazee watawakaribisha kwa kasiksi ya ndizi na kukataa kabisa ni kama kukataa mkono. Mnywaji apokee kidogo, asiyekunywa ashike kikombe na kushukuru, na mwalimu aseme mapema mpaka uko wapi.

Kahawa inastahili siku yake. Idjwi inalima arabika, na mavuno makubwa ya Kivu huangukia kati ya Machi na Juni. Kituo cha kuoshea kahawa ni darasa lililo wazi: kahawa nyekundu inamwagwa kwenye maji, zinazoelea zinaondolewa, zilizozama zinamenywa kwa mashine, zinaachwa zichachuke, zinaoshwa, kisha zinaanikwa juu ya meza ndefu za wavu ambapo wanawake wanachambua kwa vidole punje moja moja, yenye tundu huku, iliyovunjika kule. Wapeni wanafunzi nafasi kwenye meza hiyo kwa saa nzima, wajaribu kasi ya vidole hivyo. Halafu waulize kwa nini kwa miaka mingi kahawa hii ilivushwa usiku kwa pirogi kwenda Rwanda, na kwa nini wajane wa kahawa si hadithi ya kutunga hapa. Wavushaji wengi walizama. Bei nzuri ilikuwa ng'ambo, na njia ya kuifikia ilikuwa maji ya giza. Vyama vya ushirika vilivyojenga vituo vya kuosha vimempa mkulima sababu ya kuuza nyumbani.

Tchegera kwa habari ya chakula haina cha kusimulia. Jiko ni la kambi, vyakula vinatoka Goma, na mpishi ni mtu mwema. Basi.

Unguja mtakula vizuri mno: pweza wa nazi, urojo, mkate wa kumimina, samaki wa changu wa kuchoma, na viungo ambavyo mtaonyeshwa vikiwa bado mtini. Kwa kundi la uhifadhi ningewapeleka kwa akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani kabla ya kuwapeleka kwenye vyakula vya bustani ya Forodhani mjini. Kilimo hicho cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, kimewapa wanawake pesa ya mkononi, na sasa maji yanayopata joto yanaua ile aina yenye bei nzuri. Mama wa mwani na mama wa sambaza wangeelewana haraka, kwa sababu wote wawili wanaishi kwa kiumbe kilicholetwa kutoka kwingine na sasa wanategemea maji yasibadilike zaidi.

Uhifadhi: nani anaulinda, na kwa gharama ya nani

Virunga ni hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika, iliyoundwa 1925, na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1994. Zaidi ya walinzi wake 200 wameuawa kazini. Kundi litakaloketi na mlinzi mmoja Tchegera na kumsikiliza kwa heshima litapata kitu kisichoandikwa kwenye kitabu. Lakini juu ya kisiwa chenyewe hakuna mkulima, hakuna mvuvi anayeishi pale, hakuna mtoto anayetafuta kuni. Uhifadhi unaouona pale umekwisha kuamuliwa, na mwanafunzi anabaki mtazamaji.

Idjwi ni kinyume chake. Hakuna hifadhi ya taifa wala walinzi wenye sare. Watu ni zaidi ya laki mbili, ardhi haiongezeki, na 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia kwa maelfu msitu ulilipa sehemu ya gharama. Anayetaka kujua kwa nini Nyamusize bado ipo, hata kama imepungua, itabidi azungumze na mwami na wazee wake, na mwenye shamba linalopakana na msitu, na Wambuti waliokuwa watu wa msitu na sasa wengi wao hawana ardhi, na mama anayenunua makala ya kupikia. Kila mmoja atatoa jibu lake, na majibu hayatalingana. Nawapenda wanafunzi wanaorudi kutoka Idjwi wakiwa wamechanganyikiwa kwa sababu hiyo; wamekutana na uhifadhi wenyewe, ule ambao watu wa Kalehe, Kabare na Walungu nao watauhitaji miteremko yao ikizidi kumomonyoka.

Unguja inaonyesha jibu mojawapo lililokwisha kujaribiwa. Jozani, kima punju walikuwa wakila mazao ya wakulima wa jirani na wakulima wakiwachukia. Hifadhi ikaweka utaratibu wa kugawa sehemu ya pesa za viingilio kwa vijiji vinavyopakana nayo. Chumbe, walinzi wa kwanza walitoka miongoni mwa wavuvi wa eneo lile, na watoto wa shule za Zanzibar wamekuwa wakipelekwa pale kuona matumbawe ambayo wengi wao, ingawa wamezaliwa kando ya bahari, hawakuwahi kuyatazama chini ya maji. Nyumba 7 za wageni zinakinga maji ya mvua na vyoo vyake havitumii maji. Jambo hili lina thamani kubwa kwa mwanafunzi aliyekwisha kumsikia mkulima wa Idjwi akisema "msitu unanipa nini?" Asiyewahi kulisikia swali hilo atapita Jozani akipiga picha kima. Ndiyo maana nasema Idjwi itangulie.

Ukubwa wa kundi, afya, mfuko

Kwa watu 30 au 40, Idjwi inawezekana: parokia, shule na nyumba za wageni hupokea makundi, na mkigawana vijiji viwili mtalala bila msongamano. Tchegera ina mahema ya kuhesabika na bei yake iliwekwa kwa watalii wenye dola. Kundi likizidi watu kumi na kitu, msilazimishe. Chumbe nayo kulala ni kwa wenye fedha, ingawa kwenda na kurudi siku ileile kunaweza kupangwa, na hufungwa wakati wa masika kuanzia Aprili. Kule Unguja ningelala mjini, Jozani ningeenda kwa daladala.

Kuogelea Kivu kunawavutia wote, na watu husema ziwa halina mnyama wa kuuma. Kweli, lakini kichocho kipo kwenye baadhi ya fukwe, hasa penye majani na maji yaliyotulia, na kipindupindu hakijaondoka kandokando ya ziwa hili. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kila mara, hata ya kupigia mswaki. Mwenye asthma afike na dawa zake mwenyewe, kwa sababu kituo cha afya cha kijijini kinaweza kukosa.

Mkichagua Idjwi, mambo mawili ya kalenda

Barua kwa mwami na kwa ofisi ya wilaya iondoke wiki tatu kabla, ikieleza wanafunzi watafanya nini na matokeo yatarudishwaje kijijini. Hilo la kurudisha liandikwe na litekelezwe. Kisiwa hiki kimejaza dodoso nyingi ambazo hazikurudi hata na karatasi moja ya shukrani, na wazee wanakumbuka.

La pili, tazameni mwezi kabla ya kupanga tarehe. Sambaza huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu samaki hakusanyiki tena kuifuata taa ya mvuvi. Boti nyingi hukaa ufukweni, nyavu zinashonwa, mama wa sokoni hawana bakuli la kupima. Pangeni siku za mwezi mwembamba, mwezi Aprili au Mei ikiwezekana, ili kahawa iwe mezani na sambaza ziwe ufukweni wiki moja.